Silinda ya Tatu

Linajikwaa pale pale, nusu ya mlima,
Duluth yote chini yangu, ziwa limeganda hadi upeo,
na nyuma ya kiti zana zangu zinagongana,
nyundo, funguo, nyuzi za kupatanishia piano za watu.
Gari linashika pumzi
kama mgeni aliyesahau jina la mwenyeji wake,
kisha linakumbuka, linapanda.

Lina miaka thelathini na mmoja.
Mlango wa abiria nimeufunga kwa kamba.
Sakafu imeliwa na chumvi wanayomwaga barabarani,
naiona theluji ikipita chini ya visigino.
Silisimangi. Ndilo linalonilisha.

Kwenye kopo la kahawa nilikuwa na dola hamsini na mbili.
Gereji ya bondeni walitaka mia na thelathini
kulisikiliza tu.
Kulisikiliza!
Nami ni mtu anayelipwa kwa masikio.

Basi nikaanza na cha bei rahisi.
Filta ya mafuta, dola kumi na moja.
Likajikwaa.
Dawa ya kusafisha tangi, dola saba,
muuzaji aliapa kwa mama yake.
Likajikwaa, ila sasa kwa harufu nzuri.
Nikafungua plagi sita, nikazilaza kwenye gazeti
kama meno ya babu wa mtu,
nikazisugua, nikazipima mianya,
ngozi ya kidole gumba ikabaki kwenye chuma cha baridi.
Likajikwaa.
Asiye na pesa hukisia,
na kila kisio lina risiti yake.

Jirani yangu Reino Kangas,
aliyepakia madini bandarini miaka arobaini,
alisimama uzioni na kikombe chake.
"Unakimbizana na mafuta," akasema.
"Nani kakwambia ni mafuta?"
Akanywa. Akatazama mawingu. Akanywa tena.
"Ngoja giza. Leta ile chupa ya kupulizia maua."

Desemba huku haikungojeshi giza.
Saa kumi na moja jioni tukazima taa ya uani,
boneti juu, injini ikiunguruma,
na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu nikanyamaza.
Sikusikiliza deni, wala Jumanne
na piano ya Bi. Thorvald inayonisubiri.
Nikasikiliza mdundo.
Moja, tano, tatu, sita, mbili, nne,
ndivyo zinavyowaka, Reino alisema,
hazipangi foleni, kila moja na zamu yake.
Mapigo matano, kisha pengo.
Mapigo matano, pengo,
kibonye kinachoshuka bila kutoa sauti.
Pengo la nani, sikujua.

Reino akapuliza umande juu ya nyaya.
Giza likatoa ukucha:
cheche ya buluu, nyembamba kama uzi wa buibui,
ikatambaa ubavuni mwa waya wa tatu,
ikarukia chuma, ikajificha,
ikaruka tena.
Moto wangu ulikuwa unavuja njiani.
Wiki tatu nalitibu tumbo,
kumbe ni mshipa.

Seti mpya ya nyaya, dola arobaini na tisa.
Kopo lilisema thelathini na nne.
Nikaenda kwenye uwanja wa magari mafu,
nikachimba theluji kwa sufuria
hadi nikafikia pua ya ndugu yake, wa mwaka ule ule,
nikamvua waya mmoja. Dola nne,
na mlinzi akanipa biskuti bila kuulizwa.

Leo asubuhi nilipanda mlima, redio nimeizima.
Moja, tano, tatu.
Nilishikilia usukani kama anayebeba mayai.
Tatu ilikuwapo. Ilikuwapo tena.
Kileleni nilikuwa bado nahesabu,
nikajisahau, nikapita nyumba ya Bi. Thorvald,
nikakanyaga breki
nazo zikalia, ndefu, kali:
noti ya la,
imeteremka kidogo.