Vidole Vinne

Kati ya tairi na madigadi vinaingia vidole vinne.
Nimevipima asubuhi, nimevipima jioni,
nimempimisha hata mlinzi wa geti,
vyake vinene, vikaingia vitatu.
Pengo hilo linanikera kama suruali fupi
kwenye mguu wa bwana harusi.
Jumapili, kando ya mto, wenzangu wakipanga magari yao,
yote yamelala kifudifudi,
langu linasimama katikati kama kuku aliyeshtuka.

Springi zilifika Ijumaa kwa basi la Kampala,
nne, nyekundu, zimeviringishwa gazeti la Kijapani
nisilojua kulisoma,
lenye picha ya mtu aliyeshika samaki.
Balidawa akazipanga mezani, gereji yake ya Masese,
akaigonga moja kwa spana, ikalia kama kengele ya shule.
"Sentimeta nne chini," akasema, "na Celica hii
itashika kona kama kupe kwenye sikio la ng'ombe."
Akajilaza chali, akaingia chini, miguu tu ikabaki nje,
na sauti ikatokea kwenye sampu:
"Mtaka cha mvunguni, bosi."

Nikatafuta tofali. La kuchoma.
Nikalilaza sakafuni, nikalisukuma kwa mpini wa ufagio
kutoka upande wa dereva.
Likapita. Likatokea upande wa pili bila kugusa kitu.
Toa sentimeta nne.
Sikuhitaji kalamu.

Kwa hiyo nikaanza kumweleza habari za njia.
Matuta ya pale shuleni. Reli.
Malori ya Kakira yanayomwaga miwa barabarani kama njiti za kiberiti.
Lami ya Kamuli haina neno, nikasema,
lakini ukishaiacha, ukaielekea Namwendwa kwa mama,
ni udongo mwekundu na mawe yenye meno,
na mama kila akipiga simu ananiambia, "Greda limepita,"
greda ambalo tangu nikiwa kidato cha pili
sijawahi kuliona.

Balidawa akatoka chini, akafuta mikono kwa tambara.
"Mwaka huu umekwenda mara ngapi?"
Nikahesabu kwa vidole vilevile vinne.
Viwili vikabaki bila kazi.

Jumapili sikwenda mtoni.
Nilikwenda na springi zangu za zamani,
mpya ziko kwenye buti, zikigongana kila shimo
kama watu wanaonizungumza.
Mama akatoka na gomesi lake la kijani,
akalizunguka gari mara moja, kimya,
akauliza, "Mbona limechuchumaa? Linaumwa tumbo?"
Nikamwambia, mama, hapa liko juu.
Akanitazama kama anavyomtazama muuza dawa za mnadani.

Kuingia kulikuwa kazi.
Akatanguliza makalio, goti baya likagoma nje,
nikalibeba kwa mikono miwili, nikaliweka ndani
kama mzigo wa mayai.
Akishakaa, akataka tupite kwa Naigaga mwenye duka,
polepole, vioo vyote vikiwa chini.
Tukapita. Naigaga akaona. Tukarudi, tukapita tena.

Pale kwenye kalvati tumbo likakwaruza jiwe,
sauti ndefu, ya kunikata mimi, si chuma.
Mama akapapasa dashibodi.
"Pole," akaliambia gari.
Mimi hakuniambia kitu.

Balidawa bado anauliza. Nasema, mwezi ujao.
Mwezi ujao una mvua, anasema,
nami nasema, basi ule unaofuata.
Pengo liko palepale, vidole vinne,
na bado linanikera, sitadanganya.
Springi ziko Walukuba, mvunguni mwa kitanda changu,
ndani ya gazeti lao,
mtu yule hajamwachia samaki wake.
Usiku mwingine usingizi unakataa.
Nainama, naivuta moja,
naigonga kwa ukucha, nasikiliza
mpaka inyamaze yenyewe.