Ukoo wa Kunde

Hapa Keko, jua halijapata moto juu ya bati,
randa yangu imeshatembea mbao mbili,
na maranda yamejikunja miguuni, mekundu kama kutu.
Huu mninga. Jicho hudanganyika, pua haidanganyiki.
Kwetu Sikonge ukiutia shoka unatoka damu,
na mama alichemsha magome yake
akawanywesha wazazi waliokauka midomo.

Nyamizi, binti yangu, anasoma habari za miti Mlimani.
Jumapili alinikuta nakula wali maharage,
nimekalia gogo la mkongo.
Akacheka: "Baba, unamla mdogo mtu
na umemkalia kaka mtu."
Nikadhani ni dharau za wasomi.
Kumbe mninga ni jamii ya kunde,
na mkongo, na mkwaju,
na mpingo unaozama majini kama nondo,
na mtandarusi, uliotoa sandarusi
wakapaka milango ya mababu ikang'aa.
Wote huzaa maganda. Wote na choroko, wote na mbaazi.

Miaka thelathini na moja nawapasua,
sikuwahi kuuliza mama yao nani.

Sasa naokota, natazama.
Ganda la mninga: duara kavu, katikati miiba,
bawa limelizunguka kama ute wa yai la kukaanga.
Mbegu ya mkongo: nyeusi tii, imevaa kofia nyekundu.
Kila mmoja kajitafutia sura yake,
asitambuliwe na ndugu wenye shida.

Jumatano wakaja Pazi na Mwinyikondo,
nyuma yao guta, juu ya guta kitanda
cha marehemu baba yao, karani wa reli.
Mninga mtupu, vishikio vya mpingo.
"Kata katikati," akasema Pazi.
Nikamwambia, kitanda nusu hakilaliki.
"Nani kakwambia tunataka kulala? Tunataka haki."
Dada yao Kibibi kasimama kwenye kivuli cha mbao,
kakumbatia mchi wa mkwaju:
fungu lake, alilopewa bila kuulizwa.

Nikapima. Nikachora kwa penseli ya sikioni.
Msumeno ukalia mpaka yule wa magodoro ng'ambo
akazima redio yake.

Halafu ikaja harufu.
Miaka arobaini chini ya vanishi,
chini ya mashuka, jasho la malaria,
watoto watatu kuzaliwa juu yake,
na moyo wa mti ulikuwa bado unanuka msituni.
Pazi akapiga chafya.
Mwinyikondo akageukia barabarani,
akaweka simu sikioni. Haikuwa imeita.

Wakazipima nusu kwa futi yangu,
wakajumlisha, wakajumlisha tena.
"Imepungua. Fundi, umetuibia."
Nikawaonyesha msumeno, unene wa meno yake:
milimita tatu.
Huyu naye mrithi, nikasema,
hajawahi kuitwa kwenye kikao cha ukoo
na hajawahi kukosa fungu.
"Sasa fungu hilo liko wapi?"

Nikaonyesha chini.

Kibibi akaulaza mchi. Akachutama.
Akazoa lile vumbi kwa viganja,
hata la kwenye nyufa za sakafu,
akalifunga pindoni mwa kanga, mafundo mawili.
Hakuna aliyembishia. Nani hugombea vumbi?

Guta likaondoka na nusu mbili
zinazogongana kila penye shimo.

Mama Sikujua akapita na masufuria yake.
Leo kuna nini?
"Kunde," akasema, "na ugali."
Nikakinga mikono kwenye kata,
nikanawa. Maji yakatoka mekundu.
Nikanawa tena.