Alama ya Reli

Kila asubuhi mashine ilisimama sekunde tisini
ikiitafuta diski ya Onzima.
Onzima mwenyewe yuko Juba, au alikuwa Juba;
diski alikwenda nayo kwenye mkoba wa jinzi
pamoja na chaja yangu na ahadi ya wiki mbili.
Nilizihesabu sekunde zile nikichemsha chai.
Mwaka wa tatu nikasema: basi.

Nikafungua faili la mipangilio peke yangu,
mkunga mzima, mikono iliyokata vitovu vya nusu ya Mvara,
nikakuta mistari sita imejipanga kama wagonjwa benchini.
Nikafuta wa tatu.
Wake ulikuwa wa nne.
Nikahifadhi, nikazima, nikalala vizuri, Mungu anajua.

Asubuhi, weusi. Herufi nyeupe chache, na kishale
kikipepesa, kikipepesa,
kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau.

Humo ndani mna watoto elfu moja mia nne na kumi:
uzito, saa, jina la mama, mvua ilinyesha au haikunyesha.
Daftari zenyewe zililiwa na mchwa.
Niliwaingiza wote kwa vidole viwili, misimu miwili ya mvua.

Kijana wa duka la simu kule Oli alikuja na boda,
akatazama, akafyonza meno:
"Mama, hii ni kufuta yote tuweke mpya. Elfu hamsini."
Sauti hiyo naijua. Niliisikia wodini,
daktari mchovu, saa tisa usiku, "huyu amekwisha,"
na mtoto akapiga chafya.
Nikampa kijana chai, nikampa nauli.

Candiru akapiga kutoka Kampala,
salio la dakika kumi na mbili.
"Usiguse kitu. Nisomee."
Nikamsomea kama ninavyosoma kadi ya kliniki,
bila kuruka hata nukta.
"Sasa andika mkwaju."
Mkwaju? Nikatazama nje dirishani.
"Mama! Kijiti kilichoinama."
Nikaandika kijiti.
Akanyamaza, salio likiliwa.
"Umefuta nyumbani," akasema.
"Mstari wa tatu ndio nyumbani. Ndiyo maana haijui pa kuingia."

Tukauandika upya, herufi kwa herufi,
nambari ya diski ndefu kuliko vyeo vya askofu;
niliinakili kwanza nyuma ya kalenda ya kanisa,
mwezi wa Agosti, kwa kalamu ya kope.
Taa ikafifia.
Nikaiambia, subiri, usisukume bado,
na sijui ni taa niliyoiambia au ni mimi.
Ikasubiri.

"Sasa mstari wa baba," akasema Candiru.
Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta.
"Hapana. Weka alama ya reli mwanzoni."
Nikacheka mpaka nikakohoa. Reli, Arua?
Reli ilikomea Pakwach,
na hapo penyewe majani yameota kati ya mataruma.
"Mistari miwili imesimama, Mama, miwili imelala.
Ukiiweka, mashine itauona mstari na kuupita.
Hautafutika. Ila hautangojwa tena."

Simu ikakatika hapo.
Sikumpigia. Nilikaa na neno hilo la mwisho,
kuku wa jirani akitembea mlangoni kama mwenye hati ya kiwanja,
kisha nikaitafuta ile alama, juu ya tatu,
nikaibonyeza mara moja.

Nyumbani kulifunguka.
Wa kwanza kwenye orodha: Afeku, kilo mbili na robo,
alfajiri, mvua kubwa.
Mtu mzima sasa. Anauza saruji njia ya Vurra
na hanisalimii.

Kesho yake mashine iliwaka kabla maji hayajachemka.
Nikasimama jikoni na kijiko mkononi,
sekunde tisini za bure,
sikujua la kuzifanyia.