Pua ya Waya

Tangu homa ile ya mwezi wa sita, Bi Somoe Hokororo hanusi.
Karafuu hanusi, moshi hanusi.
Maharage yalishika chini ya sufuria
naye yupo hapo hapo, anachambua mchele.
Miaka ishirini na miwili amekaanga kahawa kwa pua,
leo buni inashuka Mkuti na basi la Songea
na yeye anaiunguza kama achomaye takataka.

Akaniletea mtambo wake: ngoma ya debe la mafuta,
mota ya cherehani, koili ya pasi iliyokufa.
"Uwekee pua," akasema,
akakalia betri ya gari ya mteja.

Nikapenyeza waya wa kupima joto, ncha ndani,
buni zikiigonga zikipita.
Feni niliing'oa kwenye kompyuta ya shule iliyopigwa na radi.
Kidhibiti ni kibao tu, kimo cha kiberiti,
kinauliza mara nne kwa sekunde: joto gani? joto gani?
kama mtoto safarini, Masasi mpaka Tunduru.

Ila kahawa hakiijui.
Nikamsogeza yeye karibu, nikashika kalamu.
Nyuzi mia na hamsini: "Bado mbichi, yalia chwii."
Mia na tisini: "Imenyamaza. Usiiamini."
Mia mbili na nne ikapasuka, pa, pa-pa,
maganda ya korosho motoni,
mkono wake juu: "Punguza moto! Puliza. Puliza, we!"

Yote nikayaandika.
"Usiiamini" ikawa: hita nusu, feni theluthi mbili.
"We!" sikupata namba yake,
nikaweka kengele.

Wapita njia wananisifu, fundi umebuni.
Buni ilikuwa ya Mbinga.
Mimi nilinakili sikio.

Jana umeme ukakatika kwenye mia mbili na moja.
Feni kimya, ngoma kimya,
joto limebaki humo ndani linapika kwa hasira.
Bado napapasa tochi,
yeye keshamwaga zote kwenye ungo, anapepeta gizani,
makapi yananiingia machoni.
Akanipa punje moja, ya moto. "Nusa."
Nikanusa. Nikasema imefika.
Akaichukua, akaitafuna polepole, upande wa meno mazima.
"Bado sekunde tano," akasema.
"Andika."