Kata Ilipofungua Genge

Kibwana alikuja kutengeneza printa.
Akaondoka na elfu kumi na tano, akaacha zawadi:
upau mwembamba juu ya skrini,
bei ya dola, jua la leo, mvua ya kesho Tandika.
"Hii ya bure, dada. Bonyeza tu Nakubali."
Maandishi marefu kama orodha ya mahari.
Nikabonyeza. Mimi, Sikujua,
jina nililopewa na bibi kwa sababu zake.

Na upau ulikuwa na adabu.
Ukisema mvua, naingiza ndani ubao wa PASIPOTI SAIZI,
na mvua inakuja.
Wateja wakapokezana kiti cha plastiki:
anayetafuta matokeo ya kidato cha nne,
anayetafuta nauli ya Newala,
anayeandika polepole, kwa kidole kimoja,
kama deni la marehemu hulipwa na mjane.
Wakimaliza hunong'ona: futa, dada.
Nafuta. Skrini inabaki nyeupe
kama sahani ya futari iliyorambwa.

Siri ya mtungi aijuaye kata, tuliambiwa.
Hatukuambiwa itakuwaje
siku kata itakapofungua genge.

Usiku mmoja, mlango nimeteremsha nusu,
niliiuliza mashine nisichomuuliza mama:
uvimbe, titi la kushoto, hauumi.
Nikafuta. Nikafunga kufuli mbili.

Asubuhi Mwalimu Mbonde akaja kuchapa mtihani.
Pembeni ya sehemu na desimali
mwanamke wa kitenge alitabasamu,
mkono kifuani: UMEJIPIMA?
Mwalimu akasogeza miwani. "Matangazo haya,"
na hakunitazama tena
hadi karatasi ya mwisho ilipotoka.

Kibwana aliung'oa kwa elfu tano.
"Kilichokwenda kimekwenda,"
kama anayezungumzia gari la taka.
Kuna mahali, katika nchi nisiyoijua bendera yake,
titi langu lina namba,
na yule mjane ana namba, jirani yangu.
Jumanne mvua ikanikuta ubao uko nje.

Ila niseme na hili, nisiwe mnafiki:
yule wa kitenge alirudi asubuhi tisa kabla hajang'olewa,
na ya kumi nilifunga duka
nikapanga foleni Ocean Road.

Nesi akanipa fomu. Herufi ndogo, chini pa kusaini.
Nikaanza kusoma, mstari kwa mstari.
"Dada, unachelewesha wenzako."
Nikasema, ngoja.