Ngazi Mia na Kumi na Nne

Kwanza nilipima mlango.
Sentimita sitini na nane, na fremu imepinda kushoto
tangu mvua ile iliposukuma ukuta wa jirani.
Kitu kisichopita hapa
si changu, hata nikipewa bure.

Kisha nikahesabu ngazi,
kutoka pale pikipiki zinapokata tamaa
hadi kizingiti chetu cha Cimpunda: mia na kumi na nne,
nyingine za jiwe, nyingine udongo mtupu,
moja ni tairi.
Mwenye kuuza aniambie kilo kabla ya kuniambia bei.

Pale Nyawera, Zihalirwa alinipangia misumeno mitatu ya meza
kama mtu anayeonyesha mahari.
Mkubwa una miguu yake, na miguu ina magurudumu;
uliteleza dukani kama mtoto wa tajiri.
"Kaka," nikamwambia, "magurudumu, Cimpunda?"
Akacheka, akajifuta machozi
kwa mkono wenye vidole vitatu na nusu.
Nikauliza ni upi uliokula ile nusu.
"Simu iliita," akasema. "Nikageuka."

Niliinama kama mnunuzi wa mbuzi, nikaangalia meno:
ishirini na manne ya kupasua ubao,
arobaini ya kukata kukingama nyuzi.
Nikafunga reli ya pembeni, nikaisukuma kwa goti.
Ya ule mkubwa ilitikisika.
Ya wa pili ilisogea unene wa ukucha,
na ukucha mmoja, kwenye kabati la libuyu,
ni droo isiyofunga,
ni mama mwenye kabati kurudi Jumatatu na shemeji zake.
Ya wa tatu ilikataa kabisa.
Mdogo huo, mzito kuliko sura yake,
kilo ishirini na mbili.
Nikaubeba, nikauzungusha duka zima,
wanunuzi wa misumari wakinipisha.

Lakini umeme.
Wati elfu moja na mia tano, kibati kinasema,
na kwetu moto unakuja saa tano usiku
kama mwenye deni, unaondoka kabla ya jogoo.
Jenereta ya Bisimwa, kinyozi wa pale chini,
inalisha mashine mbili za kunyolea na redio.
Nilipomtajia wati alinyamaza, akatazama tangi.
Tukaelewana: nipasue alfajiri, kabla vichwa havijafika,
mafuta yangu,
na nimtengenezee benchi la wateja, lenye mgongo.

"Na vumbi?" Nabintu akauliza.
Cito wetu anakohoa hata unga ukichungwa.
Hilo sikuwa nimelipimia.
Yeye alikata kitenge cha zamani, akashona mfuko,
akaufunga kwa mpira wa baiskeli kwenye mdomo wa birika,
kujaribu tu,
wakati mashine bado iko dukani.

Alitaka mia tatu na hamsini. Nilitoa mia mbili themanini:
dola za viti vya parokia,
za kitanda cha mapacha wa Nguba,
na ishirini za maharagwe za Nabintu, ambazo sikuziomba.

Niliubeba begani juu ya ingata yake, mvua ikianza.
Ngazi ya sabini nikautua juu ya jiwe, nikakaa kando.
Ziwa chini lilikuwa na rangi ya bati jipya.
Nikaukumbuka ule wa baba, wa mkono,
mpini wake umelika kwa umbo la kiganja chake.
Haukuwahi kudai mafuta.
Ila ulimwachia bega moja chini kuliko jingine,
na mwaka huu fundi nguo, akinipima koti la harusi ya mdogo wangu,
alinipima mara mbili,
hakusema kitu.

Mlangoni ulipita, pakabaki upana wa vidole viwili.
Cito akauliza kama unauma.
Nikasema ndiyo.
Nikachora mstari sakafuni kwa chaki, asiuvuke,
nikatoa simu mfukoni, nikampa mama yake.
Kisha tukakaa, sote watatu,
tukingoja Bisimwa aamke.