Mlima Ulipokaa Matanga

Usitutafute Upanga.
Jina linadanganya; kule hatuna hata chumba cha uani.
Ukoo wetu wa upanga umetawanyika kwingine,
milango minne, kila mlango na kipande chake.

Mlango wa Makali wako Gerezani,
wananoa visu vya mama lishe kwa mia tano,
na chini ya jiwe la kunolea, ndani ya gunia,
umelala ule wembamba wenye rangi ya umande
ambao haujawahi kukata kitunguu.
Mlango wa Ala wako Keko, wanauza vitanda,
na Mdoe, mkubwa wao, hupima mbao kwa kiganja
kama anayepima kiuno cha silaha.
Sisi ni Mlango wa Ukungu. Baba alikuwa kiwanda cha barafu, Vingunguti.
Utotoni nilidhani kila baba hurudi nyumbani akifuka.

Mlango wa nne ni wa Mpini. Nitaufikia.

Binamu zangu wadogo, wakitoka kibanda cha video,
hujifunga vitambaa vichwani, wakapigana kwa mafagio:
"Sisi masamurai!"
Shangazi Kobelo huwanyang'anya.
"Samurai ana bwana. Sisi tuna mlima.
Bwana hufa. Mlima hudai."

Na ulidai. Ulitufuata toka bara,
ukitembea usiku, ukilala mchana kama wingu,
na kila masika, usiku mmoja,
husimama bonde la Msimbazi kutuhesabu.
Watu huona mafuriko. Sisi tunaona magoti.

Huanza kwa kiapo, kila mtu na mwavuli wake:

    Makali si ya mkali,
    ukungu si wa muoga,
    ala hailazi mali,
    mpini si wa kuroga.

Mwaka huu uliita kwa ile sauti yake
ya bati linalokunjwa na upepo.
"Makali?" Tupo.
"Ala?" Tupo.
"Ukungu?" Nikaitika mimi, maana baba hayupo tena.
"Mpini?"

Wakajibu vyura.

Mpini uliuzwa Novemba. Lukwele aliupeleka
kwenye mizani ya chuma chakavu, Buguruni,
kilo moja na robo,
mama yake akisafishwa damu Muhimbili mara tatu kwa wiki.
Kwenye kundi la ukoo aliandika namba ya kutumia mchango.
Tukamjibu. Pole. Pole sana. Mungu amtie nguvu.
Mdoe aliweka viganja viwili vinavyoomba.
Nami, nisijifiche kwenye ukungu wangu,
niliuona ujumbe saa tatu usiku, nikazima data.

Tulikuwa tumeshika makali
tukadhani tunaulinda upanga.

Mlima haukuondoka. Alfajiri barabara ya Morogoro ikafungwa,
polisi wakavuta kamba.
Shangazi akapanda bodaboda mpaka Mbagala Kizuiani,
khanga mbili, hana koti la mvua.
Adhuhuri walirudi wote wawili. Lukwele amekonda,
soli ya kiatu inaongea.

"Mpini?"

Hakusema nipo. Alisema,
"Mama hayupo."

Ndipo mlima ulipofanya nisichowahi kusimuliwa:
uliketi. Kwenye tope la Jangwani,
taratibu, kama jirani mwenye mgongo mbovu
anavyoshuka mkekani.
Siku tatu. Redio ilisema maji hayajapungua.
Tulikaa nao, tukala wali wa msiba sinia moja
na huyu tuliyekuwa tumemlisha pole.

Sasa Shangazi anazunguka na daftari la deni la hospitali.
Mdoe ameleta kipande cha mninga, anataka kuchonga mpini mpya.
Lukwele anasema bado.
Ule wa zamani utakuwa umeshayeyushwa,
umekuwa nondo, umo ndani ya nguzo ya ghorofa fulani
ambalo wenyewe hawajui limeshikwa na nini.
Bado, anasema, na hakuna anayembishia.

Makali yamezungushiwa khanga ya marehemu.
Jana ilikuwa zamu yangu kuyalalia.
Baridi yake naijua,
ni ya baba, akiingia mlangoni.